Moselantja na Bwawa Lililotoka Kijani

Mbao za mwisho zilizoshikilia zege zilitolewa Jumatano, tarehe 23 Septemba 2015, saa tatu na robo asubuhi. Ndipo bwawa la ubatizo la kanisa letu lilipoonekana kwa mara ya kwanza, na lilikuwa kijani.

Haikuwa rangi ya kuvu wala ya maji yaliyolala. Ilikuwa kijani inayoelekea bluu, kama shingo ya njiwa, kuanzia ukingoni hadi sakafuni. Moselantja Letlatsa, fundi aliyelijenga, alikuwa amesimama ndani yake na ubao mkononi. Alipitisha kiganja ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaridhika. Alipoinua uso alituona watu kumi na mmoja tumejipanga ukingoni kama waombolezaji.

“Mbona mmenuna?” akauliza. “Limetoka zuri.”

Kanisa letu ni la bluu na nyeupe. Joho ni bluu, mshipi ni mweupe, na hata mlango wa choo tumeupaka bluu. Walio kijani ni wale wengine. Miaka tisa kabla ya hapo Moruti Phakiso Tshehlo, mchungaji wetu wakati huo, aliota kwamba kamba za kiunoni ziwe za kijani. Kaka yake, Askofu wetu Seabata Tshehlo, akasema ndoto ile imetokana na nyama ya mbuzi aliyoila jioni. Phakiso akaondoka na watu arobaini na ngoma mbili, akajenga mitaa mitatu kutoka kwetu hapo hapo Sebokeng, akaliita kanisa lake Kanisa la Kizayuni la Mto wa Uzima wa Kweli. Sisi ni la Mto wa Uzima tu. Neno hilo moja la nyongeza limetuuma kuliko ngoma.

Kwa hiyo Mme Elisa, yaani Mama Elisa, kiongozi wa akina mama, alipofungua kinywa alisema kile ambacho sote tulikuwa tunakitafuna.

“Ausi, dada yangu, Phakiso amekupa nini?”

“Nani?”

“Usijifanye hujui. Umetia rangi.”

Moselantja akapanda ngazi taratibu, akajipangusa mikono kwenye ovaroli. “Mme Elisa, rangi ya kupaka bwawa zima unajua bei yake? Ningekuwa na hela hiyo ningepaka nyumba yangu. Hii ni zege. Ikipata hewa itapauka yenyewe. Mwachieni mtoto akue.”

Nadhani ni vizuri niseme huyu mwanamke alikuwa nani, maana watu wa mtaa wetu wanamjua kwa bwawa hili tu, na alikuwa na miaka hamsini na sita kabla yake.

Jina lake maana yake ni mkia wa mbwa. Mama yake alizika watoto wawili kabla yake, na wazee wakampa wa tatu jina baya ili kifo kimwone hafai kuchukuliwa. Alikuwa akisema jina hilo limemfaa, kwa sababu amefanya kazi maisha yake yote na kitu ambacho kila mtu alikitupa. Baba yake alikuwa kwenye matanuru ya chuma kule Vanderbijlpark. Chuma kinapoyeyuka, uchafu wa jiwe huelea juu yake kama povu la maharage, na kazi ya baba yake ilikuwa kuuelekeza mferejini. Ndio unaoitwa mavi ya chuma. Zamani yalimwagwa usiku kwenye vilima yakiwa bado yanawaka, na anga la upande ule likawa jekundu hata mtu akaweza kutafuta sindano uani. Baadaye wakaanza kuyapooza kwa maji mengi kwa ghafla mpaka yawe kama mchanga, kisha kuyasaga unga mweupe wa kuchanganya na saruji.

Moselantja aliajiriwa kwenye kinu hicho cha kusaga mwaka 1985, kufagia maabara. Miaka miwili baadaye aliyekuwa akivunja michemraba ya zege aliumwa mgongo, akashika yeye. Kwa miaka ishirini na tano alivunja michemraba. Kila mzigo wa unga ulichanganywa na saruji, ukamwagwa kwenye vikasha vya chuma vyenye upana wa kiganja kilichokunjuliwa, ukalazwa majini, kisha ukabanwa kwenye mashine mpaka upasuke, na yeye akaandika mashine ilisoma ngapi. Ya siku saba, ya siku ishirini na nane, ya siku hamsini na sita. Alisema saruji peke yake ni kijana wa mjini, ana nguvu wiki ya kwanza halafu basi. Ukiitia mavi ya chuma nusu kwa nusu inakuwa mke wa pili, inaanza polepole na mwisho ndiyo inashika nyumba.

Walipopunguza watu mwaka 2012 alinunua mashine ya kuchanganyia zege iliyokwisha tumika, akaajiri vijana wawili wa jirani, akaanza kumwaga sakafu na misingi. Mabwawa hakuwahi. Letu lilikuwa la kwanza. Tuliliagiza kwa sababu maji ya mto Lekwa siku hizi hayafai kumzamisha mtu unayempenda. Tukamchagua yeye kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini, na hatukuuliza kwa nini. Alipotueleza kwamba nusu ya saruji ni unga wa tanuru, Askofu alikuwa akitafuta miwani yake. Mimi, katibu wa kanisa, niliandika, lakini hakuna aliyesoma.

Siku ile ya Jumatano walitaka waelezwe upya, na yeye akaeleza bila kuficha.

“Mavi?” akasema mzee mmoja. “Umetujengea maji ya ubatizo kwa mavi?”

“Ya chuma, ntate, baba yangu. Si ya ng'ombe. Na nyumba ya mama yako ilisakafiwa kwa ya ng'ombe, ukakua ukitambaa juu yake.”

Vijana wakacheka. Mzee hakucheka. Moselantja akaendelea kusema kwamba ndani ya unga ule mna salfa kidogo, na zege likikaa limefungiwa bila hewa salfa hiyo hulipa rangi ya kijani. Likifunguliwa, hewa huila rangi kwa siku chache.

“Salfa ndiyo kiberiti,” akasema Askofu, ambaye huwa haropoki. “Cha Sodoma.”

“Ndiyo, Ntate Askofu. Na cha kuwashia jiko pia.”

Askofu akauliza swali la maana: ubatizo ni Jumapili ya tarehe 11 Oktoba, watu kumi na wanne, je, siku hiyo litakuwa bado kijani? Moselantja akahesabu kwa vidole. Alisema zege hili ni lazima lilale chini ya magunia ya maji mpaka Ijumaa tarehe 2, wiki mbili tangu limwagwe. Baada ya hapo magunia yatolewe, jua na upepo vipite, na kufikia tarehe 11 litakuwa limepauka.

“Kwa nini usilianike leo?” akauliza Mme Elisa. “Rangi iondoke leo.”

“Nikilianika leo litapauka upesi, na mwakani mtakuwa mnalifagia kama unga wa mahindi. Zege hili linataka maji likiwa changa. Siwezi kulinyima maziwa kwa sababu majirani wanachungulia.”

Ndivyo ilivyoamuliwa. Na Askofu akasema nami niandike: kama tarehe 11 haitalikuta limepauka, bwawa litavunjwa kwa nyundo, na fundi hatajenga tena kwa mtu yeyote anayesali kwetu. Kwetu wanasali watu mia mbili na kumi, na kila mmoja ana mjomba anayetaka sakafu. Moselantja alisikia hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Akaenda kulowesha magunia.

Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa sikukuu ya taifa, na watu wa kijani walikuja. Sijui nani aliwapelekea habari. Walisimama nje ya uzio kama ishirini, wamevaa kamba zao, na Moruti Phakiso mbele yao amevaa kofia ya jua. Hakuwa ameingia uani kwetu kwa miaka tisa, na siku hiyo pia hakuingia. Aliinamia uzio tu.

“Abuti,” akamwita kaka yake, “nasikia Mungu amekujengea bwawa.”

“Amejenga fundi.”

“La rangi gani?”

“La rangi ya zege.”

“Hebu tuone basi.”

“Limelala.”

Wale watu wakacheka, wakaimba wimbo mmoja wote, mpaka ubeti wa mwisho, wakaenda zao. Askofu alikunywa vikombe viwili vya gemere mfululizo, na tangawizi haimkubali.

Ijumaa tarehe 2 Moselantja aliondoa magunia mwenyewe. Rangi ilikuwa ile ile. Alisema ndivyo ilivyo, sasa ndiyo linaanza kuvuta pumzi. Alikuwa na kazi ya siku nne Sasolburg, akatuambia kitu kimoja tu, na alikisema mara mbili: “Liacheni wazi.”

Jumatano tarehe 7 alirudi jioni. Nilikuwepo, pamoja na Askofu na baraza. Alikuta bwawa liko wazi kama alivyoliacha. Alishuka ngazi akiwa amekwisha kuanza kutabasamu, na tabasamu likamwishia kwenye daraja la tatu. Kuta zilikuwa kijani kama siku ya kwanza. Labda zaidi. Alichuchumaa akanusa ukuta. Alilamba kidole akakipitisha kwenye kona.

“Hili halijaona jua,” akasema.

“Limeona siku tano,” akasema Askofu. “Fundi, ulisema siku chache. Siku tano hata alama?”

“Motaung,” akasema, akimwita kwa ukoo wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, “nimevunja michemraba elfu nyingi. Kila mmoja ulikuwa hivi ndani, na kila mmoja ulipauka mezani kwangu kabla sijamaliza wiki. Hili lina unyevu. Lilifunikwa.”

Baraza likaangaliana. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimeona jambo Ijumaa ile jioni na nilikuwa nimeliandika, na nilikuwa nikijiuliza nisome au nisubiri, lakini Mme Elisa hakunipa nafasi ya kuwa mwoga. Alijikohoza.

“Nilifunika mimi.”

“Kwa nini, Mme?” akauliza Moselantja.

“Unauliza kwa nini? Wale wa kijani walikuwa wanapita kila saa, wanahesabu siku. Mwanamke haachi aibu ya nyumba yake barabarani. Nilileta nailoni, ile nzito ya hema la harusi, nikabana na matofali pande zote, hata mjusi asiingie. Leo mchana nikaitoa, maana ulisema unarudi.”

“Usiku na mchana?”

“Nikifanya kitu nakifanya vizuri.”

Moselantja akakaa kwenye ngazi. Tulidhani analia. Mabega yalikuwa yakitikisika. Alikuwa anacheka, na alicheka muda mrefu kwa mtu ambaye kazi yake imo hatarini.

“Mme Elisa,” akasema alipopata sauti, “umelitunza kama achari.”

Lakini Askofu hakucheka, na wazee wawili walisema hizo ni hadithi za mafundi, kwamba fundi yeyote kazi ikimharibikia hupata mama mmoja wa kumsingizia. Nyundo zilikwisha azimwa. Zilikuwa nne, ziliegemea ukuta wa kanisa. Zilipangiwa Jumamosi.

Moselantja alikwenda kwenye gari lake akarudi na mchemraba wa zege. Kila kazi anayofanya, hata sakafu ya banda la kuku, humwaga michemraba sita pembeni, ya zege lile lile siku ile ile, kwa mazoea ya miaka yake ya maabara. Aliuweka chini mbele ya baraza. Ulikuwa umekaa rafuni kwake tangu alipouondoa majini, na nje ulikuwa mweupe kama jivu.

“Zege lenu hilo,” akasema. “Tarehe imeandikwa. Katibu, soma.”

Nilisoma: 18/9/2015, Mto wa Uzima. Bila neno la nyongeza, nikashukuru.

Aliomba nyundo moja kati ya zile nne. Mapigo matatu mchemraba haukujali. La nne ukapasuka vipande viwili, na harufu ya yai lililooza ikapita, nyepesi, ikaondoka. Ndani ulikuwa kijani ile ile ya bwawa. Watu walisogea. Mzee wa mavi aligusa kwa ncha ya kidole, akakinusa.

“Nipeni mpaka Jumamosi,” akasema Moselantja. “Nusu hii Mme Elisa aifunge kwa nailoni yake, kwa mikono yake, vizuri kama anavyojua. Nusu hii ikae juu ya ukuta. Bwawa liachwe wazi. Jumamosi mkizikuta zinafanana, pigo la kwanza nitapiga mimi.”

Askofu akakubali. Nilipewa nizilinde zote mbili. Nililala vizuri, ila mke wangu alisema niliamka mara mbili kuchungulia ukuta wa kanisa dirishani.

Jumamosi asubuhi walikuja wengi kuliko baraza. Nusu ya ukutani ilikuwa imekwisha geuka. Kijani ilikuwa imebaki kama kivuli tu katikati, na pembeni palikuwa peupe. Mme Elisa akafungua nailoni yake, mafundo saba, na nusu yake ikatoka kijani na yenye jasho. Aliishika juu kila mtu aione, kama vile ameshinda yeye.

“Mnaona,” akasema. “Nilifunika vizuri.”

Wazee wawili walisogea kando, na mmoja akaanza kuzirudisha nyundo kwenye toroli. Lakini bwawa lenyewe lilikuwa na siku mbili na nusu tu za hewa. Kuta zilikuwa zimeanza kupauka kuanzia juu kwenda chini, kama mtu anayevua fulana. Sakafu haikuwa imeanza. Na ubatizo ulikuwa kesho.

Hapo ndipo lango la uzio lilipofunguliwa. Moruti Phakiso alikuja na watu wake wote arobaini na zaidi, na safari hii aliingia. Alivua kofia.

“Abuti, nimesikia mnavunja.”

“Habari zako zimechelewa.”

“Kabla hamjavunja, tupeni Jumapili moja. Moja tu. Sisi tuna watoto tisa wa kubatizwa na hatuna mto. Nyinyi hamlitaki, sisi rangi yake haitusumbui.” Akatazama chini bwawani, na sauti yake ikabadilika. “Lilitoka hivi lenyewe?”

Niliona kwamba hakuwa anatania. Wawili kati ya watu wake walikwisha piga magoti. Moselantja naye aliona. Angeweza kunyamaza, muujiza ungemlindia kazi yake kuliko mchemraba wowote.

“Moruti,” akasema, “si ndoto yako. Ni salfa ya tanuru. Wiki ijayo litakuwa jeupe, nisingependa mje mniulize mmeibiwa nini.”

Phakiso akafikiri. “Na mkijaza maji leo?”

“Mkijaza maji leo litabaki lilivyo. Maji yanazuia hewa. Linaweza kukaa hivyo miaka.”

Ndugu wawili wakatazamana, na nadhani wote walielewa wakati mmoja: rangi ya bwawa ingekuwa ile watakayoichagua kwa siku ya kufungua bomba. Bomba lilikuwa letu. Askofu alikaa kwenye toroli la nyundo akafikiri. Nikadhani atasema tusubiri mpaka rangi ya mwisho iishe. Ilikuwa haki yake.

“Fundi,” akasema, “Ijumaa ijayo litakuwaje?”

“Kuta zitakuwa nyeupe. Sakafu bado, kule chini jua halikai na unyevu unalala.”

“Basi tutajaza Jumamosi ijayo asubuhi. Tutabatiza Jumapili, tarehe 18. Sisi asubuhi.” Akamgeukia mdogo wake. “Nyinyi mchana. Na mje na mataulo yenu wenyewe.”

“Na ngoma?”

“Zile ngoma ni zetu, Phakiso.”

“Ndiyo maana nauliza.”

Mme Elisa alisema kwamba kama ni hivyo basi mtu atangaze kuhusu chakula, kwa sababu yeye hawezi kulisha watu mia mbili hamsini kwa tangazo la dakika ya mwisho, na hapo mambo ya rangi yakaisha yakaanza ya makwinya, yale maandazi yetu, na kuku. Niliandika kurasa tatu za kuku.

Jumamosi tarehe 17 tulifungua bomba saa mbili asubuhi, likajaa saa tisa na nusu. Kuta zilikuwa nyeupe, sakafu kijani, na maji yaliposimama juu yake mita moja na robo, sote tulisimama ukingoni tukitazama. Mimi niliona bluu. Mzee wa mavi aliona bluu. Moruti Phakiso, aliyekuja kuhakikisha zamu yake, aliona kijani, akasema hivyo kwa sauti, na Askofu akamwambia aende kwa daktari wa macho. Waligombana juu ya jambo hilo kwa furaha mpaka chai ikapoa.

Moselantja hakuingia kwenye ugomvi. Alichora mstari kwa penseli ukutani pale maji yalipoishia, akaandika saa, akaondoka.

Jumapili alikuja saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wimbo wa kwanza, na nywele zake amezifunga kwa kitambaa kipya. Yeye ni Mroma, na misa yao ilikuwa saa mbili. Alipiga magoti ukingoni, akatoa rula, akapima kutoka kwenye mstari mpaka kwenye maji. Niliuliza limepungua kiasi gani, niandike.

“Milimita mbili.”

“Linavuja?”

“Hizo ni za jua la jana,” akasema, akarudisha rula mfukoni. Mme Elisa alikuwa amekwisha kumshika mkono. Alitaka sakafu ya jiko, na alikuwa akimuuliza kama ile rangi inawezekana kuibakiza.